Jibu, kwa Kiarabu

Zuwena hata akialika watu sita hupika kana kwamba anaoza mtoto. Mwezi uliopita alitualika nyumbani kwake Bawshar, hapa Maskati, wanawake kumi na mmoja wa darasa langu la kwanza pamoja nami mwalimu wao. Tulikuta wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, na sinia la nyama ambalo wajukuu zake, waliokuwa wakipitapita na simu zao, walilizunguka kwa adabu bila kuligusa. Nilikuwa na miaka ishirini nilipowafundisha hawa, na wakubwa wao walikuwa na kumi na tano. Sasa tumelingana. Sote tuna magoti mabovu, sote twaulizana dawa za presha, na mgeni angeingia asingejua nani kati yetu alikuwa mwalimu mpaka anisikie nikimkatiza mtu anaposema. Baada ya kula, kahawa ikipita, Zuwena alisimama, akapiga meza kwa kiganja na kusema neno moja, "Jibu," kwa sauti yangu kabisa, na wote wakaangua kicheko. Mjukuu mmoja akauliza kuna nini. Wakamsimulia, huyu akianza na yule akidakia, mayai, ndimu, kipande cha papa, na walipofika pale darasa zima lilipocheka, wakarudi kwenye vikombe vyao kana kwamba kisa kimekwisha.

Hakikuishia pale. Nimewasikia wakikisimulia hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini, arusini na matangani, na kila mara wanakikata mkia. Siwalaumu. Wao walikuwa watoto, na mtoto hukumbuka pale alipocheka. Lakini mimi ndiye niliyekosa, na mwenye kosa ana haki ya kulisimulia mpaka mwisho. Kwa hivyo nakiandika mwenyewe, na Zuwena akifasiriwa akaona nimemtaja mno, shauri yake, yeye ndiye aliyeanza kuipiga ile meza.

Mwaka ulikuwa 1970, na nilikuwa nimefika Maskati kutoka pwani ya Afrika miezi miwili tu. Nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Zeyana, katika vyumba viwili vya juu ambavyo dirisha moja lilitazama ukuta wa jirani na la pili lilitazama jabali. Shangazi alikuwa na manung'uniko mawili kila siku: hakuna nazi mbichi, na mimi nimekaa bure. La nazi hakuweza kulitengeneza. La pili alilitengeneza siku aliposikia kuwa inafunguliwa shule ya wasichana na wanatafutwa wanawake wanaojua kusoma na hesabu, watu ambao wakati ule ungeweza kuwahesabu kwa vidole ukabakisha vidole. Alinivisha buibui lake jipya akanipeleka mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa bibi wa Kishami, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliniuliza kama naweza kufundisha hesabu. Nikasema naweza. Akaniuliza kama naweza kuifundisha kwa Kiarabu. Nikasema naam, na naam ile niliitoa vizuri, kwa ayn yake yote ya kooni, mpaka akaridhika.

Ilikuwa na nusu ya ukweli. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu na cha vitabu viwili vya sarufi. Niliweza kukueleza aya, nisiweze kununua kitunguu. Lakini sikuwa na wasiwasi. Mpaka leo watu hunisema kwamba sina wasiwasi pale ninapopaswa kuwa nao. Kila alfajiri nilikaa sakafuni kwa shangazi nikiandika somo zima katika daftari, sentensi baada ya sentensi, nikilisoma kwa sauti huku yeye akiniambia nipunguze, watu wamelala. Darasani mambo yalikwenda vyema maadamu hakuna aliyeniuliza neno nje ya daftari. Nilipokwama nilikuwa na dawa yangu. Maneno yetu mengi ya Kiswahili asili yake ni Kiarabu, basi nilichukua neno letu lenye sura ya Kiarabu, nikalikoroga kidogo kooni, nikalitoa. Mara nyingi lilipita, na kila lilipopita nilizidi kujiamini.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani iliyokodiwa, ya ghorofa moja, na darasa langu lilikuwa juu. Ubao uliegemezwa juu ya madebe mawili. Wasichana arubaini na wawili walikaa kwenye mikeka, wadogo mbele, wakubwa nyuma, viatu wameviacha chini kwa Bi Moza, mhudumu wa mlangoni, na chumba kizima kilinuka ubani waliofukiziwa nguo zao nyumbani, na moshi wa jiko, na chaki. Sijawahi kupenda chumba kama nilivyokipenda kile. Nilipoingia asubuhi wote walisimama kwa pamoja wakasema "Sabah al-kheir, abla," kwani abla ndivyo walimu wa kike walivyoitwa, na mimi, mtu ambaye wiki tatu nyuma nilikuwa nikichambua mchele nikitazama jabali, nilihisi kimo changu kimeongezeka.

Wiki ya kwanza niliuliza saba mara nane. Hakuna aliyesema kitu. Hawakuwa wamezoea kuulizwa. Kwa walimu wao wa Kurani walizoea kukariri pamoja. Nikauliza tena, wakanitazama. Ndipo hasira ikanipanda kidogo, nikapiga meza kwa kiganja na kusema, "Jibu." Wakatazamana. Nikasema tena, "Jibu, jibu," na msichana mmoja wa safu ya mbele, huyu Zuwena, akaitikia "Hadhir, abla," yaani nimekusikia na nitatenda, lakini hesabu hakuisema. Niliona ajabu, nikaendelea na somo. Kesho yake Zuwena alikuja na mayai mawili yaliyofungwa kwenye pembe ya ushungi wake, akayaweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili.

Nilifurahi sana, nisiseme uongo. Nilimshukuru, nikambusu kichwani, na nilipoona wenzake wanavyomtazama nikajua wamependa. Siku ya pili yake walikuja wawili, mmoja na ndimu, mmoja na tende. Halafu ikawa kila siku. Maziwa katika kopo, kipande cha papa mkavu katika gazeti, halwa katika kikombe cha udongo, kitambaa kidogo kilichotariziwa. Nilibeba vitu nyumbani kama mtu atokaye sokoni. Shangazi aliacha kunung'unika. "Watu wa hapa wana ukarimu, walahi," alisema akiugeuza ule papa mkononi. "Nilikwambia. Mtoto akimpenda mwalimu wake haji mikono mitupu." Na nilipenda kuamini kuwa wananipenda. Ramadhani ilipoingia na zawadi zikazidi, nikasema moyoni ni futari, ni mwezi wa kutoa. Tulifutari kwa mayai ya wanafunzi wangu, na ndimu zao tulizikamua kwenye samaki, na kila tonge nililiona ni ushahidi kuwa mimi ni mwalimu mzuri.

Msichana aliyekaa karibu na mlango aliitwa Rayya. Alikuwa na miaka kama kumi, mwembamba, na alikuja kila siku kwa miguu kutoka Wadi Kabir na vumbi la njiani mpaka magotini. Hakuwahi kuniletea kitu, na sikuliona hilo. Nililoliona ni midomo yake. Kila nilipouliza hesabu, midomo ya Rayya ilicheza, kimyakimya, na macho yake yakawa mahali pengine, nami nikajua huyu anaipata kabla sijamaliza kuuliza. Mwalimu akipata mtoto wa namna hiyo hupatwa na uroho. Nilimtaka aseme. Nilitaka wenzake wasikie, nilitaka mwalimu mkuu apite mlangoni asikie. Siku moja, katikati ya Ramadhani, nikamsimamisha. Nikamuuliza, midomo ikacheza, nikamwambia, "Jibu, Rayya." Akainamisha kichwa. "Jibu. Nnajua unayo." Hayo ya pili niliyasema kwa Kiarabu changu cha daftari, nikidhani namtia moyo: najua unayo. Akatikisa kichwa. Nikapiga meza. Nikamwambia mara tano, nilizihesabu baadaye nilipokuwa nikijihukumu, mara tano mbele ya wasichana arubaini na mmoja, na aliposhindwa kunyanyua macho nikamwacha amesimama mpaka mwisho wa somo, kwa ukaidi. Aliposhuka ngazi hakuagana na mtu.

Kesho yake hakuja. Wala siku ya pili. Siku ya nne nilianza kufundisha nikiutazama mlango, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuo cha ualimu, nilipokwenda baadaye, hawakulitaja: unaweza kuwa na watoto arubaini na mmoja mbele yako wanaokusikiliza, na moyo wako wote uko kwa yule asiyekuwepo. Siku ya tano mwalimu mkuu aliniita. Alisema kwa upole kwamba wazee wa mji wanatutazama, kwamba wako waliowatoa binti zao nyumbani kwa shida, na akitoka mmoja watatoka wengine. Alitaka kujua kimetokea nini kwa mtoto wa Wadi Kabir. Nikamwambia sijui, mtoto ni mkaidi. Ile "mkaidi" hata mimi haikunipendeza masikioni.

Bi Moza alikuwa mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Maskati tangu yu kigori, na Kiarabu cha mji ule na Kiswahili chetu vyote vilikuwa vyake. Mchana ule nilipokuwa navaa viatu, alivuta kibao chake karibu na ngazi.

"Mwanangu, nna neno, lakini usinune."

"Sema, Bi Moza."

"Yule mtoto anakaa na bibi yake, watu wawili katika kibanda cha makuti. Watakuletea nini wale?"

"Waniletee? Nani kawaambia waniletee?"

"Weye." Alinitazama kama anayemtazama mtu anayejitia hajui. "Kila siku nnakusikia hapa chini, wapiga meza, jibu, jibu. Mie nikasema kimoyomoyo, mwalimu huyu mdogo lakini ana tamaa. Halafu nikasema labda huko atokako ndo ada yao."

"Bi Moza, jibu. Jawabu. Nawaambia watoe jawabu."

"Kwetu ndo jawabu," akasema. "Hapa jibu ni leteni."

Nilikaa palepale kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni. Yote yakanipitia: mayai, ndimu, papa, na lile "nnajua unayo" nililomwambia mtoto ambaye hakuwa nayo. Na Bi Moza, kwa kuwa ni mtu wa kueleza jambo likaelezeka, akaongeza kuwa tena ni neno la kuamrisha wengi, kwa hivyo Rayya hakuelewa kuwa naamrisha yeye peke yake, ameelewa kuwa naamrisha yeye na watu wa kwao. Nilipofika nyumbani nikamwambia shangazi. "Ndimu nazo?" akauliza. Nikamwambia ndimu nazo. Alicheka mpaka akauegemea ukuta, kisha akaacha, akajifuta macho, akaniuliza, "Na huyo aliyekosa cha kuleta, utamwendea lini?" Niliona haya kiasi ambacho futari siku ile ilinishinda. Papa alikuwa bado yumo jikoni, nusu.

Leo ukienda Wadi Kabir ni kwa sababu gari lako linapiga kelele. Magereji yamepangana, vijana wa kigeni wamelala chini ya magari, na mimi nikisubiri kubadilishiwa breki hukaa kwenye kiti cha plastiki nikijaribu kukisia kile kibanda kilikuwa wapi. Wakati ule ilikuwa bonde la mawe na mitende michache, na vibanda vya makuti ya mtende mbalimbali. Nilikwenda na Bi Moza kesho yake baada ya alasiri, na saumu, na jua la pale usiliulize. Ningeweza kumtuma Bi Moza peke yake na maelezo mazuri, na nilikuwa nimelifikiria hilo mpaka mlangoni mwa jiko la shangazi. Bibi yake Rayya alikuwa amekaa kivulini akisuka mkeka. Rayya alikuwa nyuma yake, amechuchumaa, akimlisha pumba kuku mdogo mweupe aliyefungwa mguu kwa uzi. Aliponiona alisimama wima, kama nilivyomwacha siku ile.

Bibi alitukaribisha, akatupa mkeka, na kabla sijafungua mdomo akaniomba radhi. Alisema kuku yule bado hajaanza kutaga. Akianza tu, Rayya ataleta mayai, na ikiwa mwalimu hawezi kungoja, basi atamleta kuku mwenyewe, ila kwa sasa ni mdogo, hana nyama, wanaona haya kuleta kitu kama kile. Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Ningependelea anitukane. Nilimwambia kwa Kiarabu nilichokuwa nacho, na Bi Moza akiziba mashimo, kwamba sikutaka kitu, sikutaka kamwe, kwamba neno lile kwa lugha yetu ni jawabu, na nilipolisema nilidhani nasema Kiarabu.

Bibi aliacha kusuka. "Wewe ni mwalimu," akasema, "na hujui jibu."

"Sikujua."

"Rayya analijua tangu anatambaa." Alimtazama mjukuu wake, kisha akanitazama. "Sasa nani amfundishe nani?"

"Hesabu naijua," nikasema. "Hesabu naijua vizuri, na naweza kumfikisha mbali. Kwa Kiarabu yeye amenizidi."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima kuwa mtoto amenizidi, na lilitoka kwa taabu. Bibi akasema, polepole, ili nielewe bila Bi Moza, "Ulimsimamisha mbele ya watu arubaini. Hili unaniambia hapa, tupo wanawake wanne na kuku." Nikamwambia nitawaambia wote. Akasema, "Waambie kwanza." Hakusema kuwa Rayya atarudi. Rayya mwenyewe alikuwa amerudi kuchuchumaa.

Nilimwendea mwalimu mkuu asubuhi, nisije nikaonekana nimejificha, nikamweleza yote. Alivua miwani. "Nilikuuliza kama unajua Kiarabu." Nikasema aliniuliza. "Ukanidanganya." Nikasema nusu. Hakucheka. Alisema nikawaambie, naye atakuwa mlangoni, na kwamba binti akirudi nami nitabaki, na asiporudi yeye hatakuwa na la kuwajibu wazee. Basi nikasimama mbele ya darasa bila daftari. Niliwaambia, kwa sentensi za kuvunjikavunjika, kuwa Kiarabu changu ni kidogo, kuwa jibu kwetu si leteni, kuwa sikumwomba mtu yeyote kitu chochote, na kuwa Rayya nilimdhulumu. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Watoto hawajazoea kumwona mkubwa amekosa. Kisha Zuwena, aliyekuwa akipiga hesabu zake, akanyanyua mkono. "Basi na mayai yangu, abla?" Nikamwambia, "Tumeyala." Darasa likalipuka. Walicheka mpaka wakaangukiana, wakaambiana nani alileta nini na mama yake alisema nini alipokuwa akitoa, na mlangoni miwani ya mwalimu mkuu ilikuwa ikitikisika kifuani pake.

Hapa ndipo wao wanapoishia, na hapa ndipo mimi siwezi kuishia, kwa sababu mkeka wa karibu na mlango ulikuwa mtupu. Rayya hakusikia hata neno moja la yale niliyoyasema. Nilifundisha siku ile, na ya pili yake, na ya tatu. Zawadi zilikoma kabisa, na sitadai kuwa sikuzikosa. Nililiapia lile neno nisiliseme tena, na kila nilipouliza swali nilibaki nimesimama na chaki mkononi bila cha kusema, nikingoja mtu ajitokeze mwenyewe, na kwa kuwa nilinyamaza wakaanza kujitokeza. Hilo lilinifurahisha, tena sana, lakini furaha yangu ilikuwa na tundu. Usiku nilihesabu siku zilizobaki za Ramadhani, nikawa najiambia hatakuja kabla ya sikukuu, na asipokuja kabla ya sikukuu haji.

Alikuja siku tatu kabla ya sikukuu, katikati ya somo. Tulisikia hatua ngazini, na wote wakageuka. Aliingia na vumbi lake magotini na mikono yake mitupu, akakaa mahali pake, na nilitaka kumkimbilia lakini nilijizuia, kwa kuwa nilishamfanya atazamwe vya kutosha. Nilisema tu "Karibu, Rayya," nikageukia ubao, nikaandika tisa mara sita. Nikageuka, nikangoja. Midomo yake ilicheza. Hakuna aliyesema, nadhani wote waliacha makusudi, hata Zuwena, jambo ambalo halijatokea tena. Nilingoja mpaka nikasikia watu wakipita kichochoroni chini. Ndipo Rayya akasimama, bila kuitwa, akanitazama usoni na kusema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nzito kuliko umbo lake, "Hamsini na sita."

Alikuwa amekosea. Nikafungua mdomo nimsaidie, na yeye akaninyanyulia mkono.

"Ngoja, abla," akasema. "Nimekosea. Usiniambie."

Nikangoja.